Ada ya Mghoi na Chupa ya Themanini

Ninyi wauguzi vijana mna tabia ya kunikamata nje ya kanisa, sahani ya sambusa mkononi, na kuniuliza maswali makubwa wakati mimi nataka kwenda kukaa. Huwa nawakwepa. Lakini wiki iliyopita swali lilinifuata mpaka jikoni kwangu, hapa Kingstanding, na sikuweza kulikwepa kwa sababu lililetwa na Zawadi, mjukuu wa mdogo wangu Mghoi.

Zawadi ana miaka kumi na tisa. Amefanya kazi ya kutunza wazee kwa mwaka mmoja, na sasa alikuwa na fomu mbili. Moja ni ya uuguzi. Ya pili ni ya chuo kidogo cha binafsi, watu wachache tu, wanasoma falsafa na historia na fasihi na muziki vyote pamoja, kwa ada ya kukaba koo. Akazipanga mezani, akaniuliza, "Bibi, honestly, is it worth it?"

Nilisema chai inapoa. Ukweli ni kwamba niliwahi kulipa ada ya chuo cha namna ile, hapa hapa Birmingham, kutoka kwenye mshahara wa nesi, na chuo hicho nusura kinipotezee kazi. Au kiliniokoa. Nimechukua miaka hamsini kuamua, ndiyo maana naandika. Mkichoka rukeni, ila msiruke habari ya chupa.

Kwanza mnijue. Nilitoka Wundanyi mwishoni mwa miaka ya sitini, msichana mwembamba mwenye sanduku moja na adabu nyingi. Adabu hiyo ndiyo iliyoniponza, nayo ni hii: mkubwa akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili, na huanzi kukikagua mbele yake. Ukikigeuzageuza machoni pake ni kama unamwambia hujamwamini. Mama yangu alitufundisha hilo kabla hatujajua kufunga vifungo.

Siku ya kwanza hospitalini, bibi mmoja wa ofisini akanipa fomu ya mafunzo, ameshaniwekea alama ya msalaba mahali pa kusaini. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasaini, nikamshukuru. Miezi minane baadaye nikagundua kwamba kulikuwa na mafunzo ya aina mbili, ya miaka mitatu na ya miaka miwili, na kwamba mimi nilisaini yale ya miwili, ambayo cheti chake kule nyumbani hakitambuliwi hata na zahanati ya kijijini. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kutandika vitanda. Ningejifunza hapo hapo, yasingenikuta yaliyofuata.

Wodi yangu ilikuwa ya upasuaji, wanaume tupu, na msimamizi wake alikuwa Sista Pym. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Nusu ya ninayowafundisha ninyi ni maneno yake. Yeye ndiye aliyeniambia nipashe mikono joto kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa, maana mkono wa baridi unamfanya akaze misuli na hutapata ukweli wowote kwenye tumbo lake. Yeye ndiye aliyenionyesha kunusa pumzi ya mwenye kisukari, ile harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Na alikuwa na sheria moja niliyoipenda sana. "Mgonjwa mpole akikutukana ghafla," alisema, "mpe sukari kwanza, ukasirike baadaye." Majira yangu ya kwanza ya baridi aliniona ninatetemeka kituo cha basi, kesho yake akaniletea koti lake la kahawia, zito, lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Nililivaa miaka minne. Nilimpenda yule mama, niseme wazi.

Mghoi alikuja nilipokuwa nimeshahitimu. Nilikuwa nimepanga chumba Aston kwa Mama Jyoti, Mhindi wa Kisumu ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi kiwanda cha vyuma. Mghoi alikuwa na akili, mdogo wangu huyo, na baba alishatangaza Wundanyi nzima kwamba anakwenda kusomea sheria. Ila chuo kilichomkubali kilikuwa nyumba kubwa ya matofali karibu na stesheni ya Acocks Green, wanafunzi hawafiki arobaini. Hakukuwa na sheria wala hesabu za biashara. Walikaa kwenye duara wakisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima, halafu wakaubishania mchana.

"Kwani huyu nasoma nini hasa?" Mama Jyoti aliniuliza.

"Anasema wanafundishwa kufikiri."

Mama Jyoti akaacha kusukuma chapati. "Kufikiri? Hiyo si bure?"

Nilicheka, lakini usiku wa manane wa moyo wangu nilikubaliana naye. Nilikuwa nafanya zamu za ziada Jumamosi ili mtu akakae kwenye duara. Kila muhula nilipopeleka ada niliapa kuwa ndiyo ya mwisho. Na Mghoi, badala ya kunipa moyo, alikuwa ananiudhi kwa swali moja alilolichukua huko: "Umejuaje, Dada?" Nikisema nyama imeiva, umejuaje. Nikisema mvua itanyesha, umejuaje. Nilitamani kumrushia kiatu.

Sasa chupa.

Ninyi mmezaliwa na insulini ya aina moja ya nguvu, hamjui raha mliyonayo. Siku zile ilikuja kwa nguvu tofauti. Tulikuwa na chupa ya arobaini na chupa ya themanini, na bomba la sindano lilikuwa na alama zilezile kwa zote mbili. Alama kumi na mbili za chupa ya arobaini zilimfaa mgonjwa wetu. Alama kumi na mbili za chupa ya themanini zilikuwa dozi yake mara mbili. Kwa sababu hiyo sheria ilitaka wauguzi wawili: mmoja anavuta dawa, wa pili anasoma chupa kwa macho yake mwenyewe, anatazama bomba, ndipo anasaini kwenye daftari la dawa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Bwana Tolley, fundi mitambo mstaafu wa Aston, aliyekatwa vidole vya mguu kwa ajili ya kisukari. Mpole kupindukia. Ukimletea maji anakushukuru mara tatu, na kila nesi yeye alimwita "bab", yaani mpenzi, kama wanavyosema watu wa mji huu.

Asubuhi ile, kabla ya chai ya wagonjwa, Sista Pym alivuta dawa. Wauguzi wawili walikuwa wagonjwa, simu inalia, kuna mtu ametapika kitanda cha saba. Akanipa kisahani chenye bomba na chupa. "Tolley, alama kumi na mbili," akasema. Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikasaini. Nikaenda nikamchoma Bwana Tolley mwenyewe, kwa mkono wangu huu, naye akaniambia asante, bab.

Trei ya chai ilichelewa. Nilikuwa nanyoosha shuka ya jirani yake niliposikia ananiita mnyama. Akasema nitoe mikono yangu michafu, nirudi msituni. Wanangu, wapo waliotutukana hivyo kila siku bila sukari kushuka, na nilishazoea kuinamisha kichwa na kuendelea. Nilikwenda hatua tatu hivi. Halafu nikasikia sauti ya Sista Pym kichwani: mgonjwa mpole. Niligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, mkono unapapasa blanketi, macho hayanioni.

Nilipiga kelele. Sista alikuja mbio, daktari akaja, wakamtia glukosi kwenye mshipa. Nilishikilia mkono wake wakati wanatafuta mshipa, nao ulikuwa unateleza kwa jasho. Ilichukua muda ambao sitaki kuukumbuka mpaka alipofumbua macho na kuuliza kama chai imeshapita.

Nilipoinua kichwa, Sista Pym alikuwa amesimama penye kisahani, ameshika ile chupa. Akaisoma. Akakaa kwenye kiti cha wageni, mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa akiwa zamu. Ilikuwa ya themanini, ya mgonjwa mwingine aliyekwenda nyumbani jana yake.

Mchana aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Alikuwa amechapa maelezo kwa ajili ya Metroni, mkuu wa wauguzi wote. Cheo cha Metroni kilikuwa kimeshabadilishwa jina wakati huo, lakini hakuna aliyelitumia hilo jipya. Karatasi ilisema kwamba mimi nilichukua chupa kwenye friji, nikavuta dawa mwenyewe, na Sista alinikagua kwa haraka kwa sababu ya dharura ya kitanda cha saba.

"Sivyo ilivyokuwa, Sista," nikasema, kwa sauti ya kuomba radhi.

"Najua." Hakuniangalia. "Lakini sikiliza. Wewe ni kijana, na mgeni, watakukemea tu, watasahau. Mimi nina miaka ishirini na tisa ya kazi. Mimi hawatanisahau. Nitakuwa pale, nitakutetea. Ukibisha, nani atakuamini? Utapoteza kazi, na yule mdogo wako ada yake atalipiwa na nani?" Akanisogezea karatasi. "Tunaonana na Metroni Jumatatu saa nane. Isaini uje nayo."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili Mghoi alikuja kula Aston kama kawaida. Nilikuwa nimeshaamua kusaini. Nilimweleza yote mezani kwa Mama Jyoti, kusudi anionee huruma na aanze kujiandaa kuacha chuo mambo yakiharibika. Yeye akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Dada, nani alivuta dawa?"

"Sista."

"Ulimwona akivuta?"

"Nilimwona mgongo."

"Chupa uliiona?"

"Ilikuwa kwenye kisahani."

"Sijauliza ilikuwa wapi. Uliisoma?"

Nikaanza kukusanya sahani. Akachukua daftari lake la shule, akachana ukurasa, akachora mistari miwili kwenda chini. Juu ya sehemu ya kwanza akaandika *nilichoona*, ya pili *nilichoambiwa*, ya tatu *ninachodhani*. Mwalimu wao wa historia, mzee mmoja, ndivyo alivyowafundisha kusoma barua za wafalme. "Haya, jaza," akasema. "Kila kitu, pahali pake."

Nilijaza. Sehemu ya kuambiwa ilijaa. Sehemu ya kudhani ikajaa. Ile ya kuona ilikuwa na mambo mawili: mgongo wa Sista, na mkono wangu ukisaini.

"Basi andika hivyo," Mghoi akasema. "Hukuvuta. Na hukuangalia. Na ulisaini."

"Ya mwisho ya nini? Si wataninyonga!"

"Kwa sababu ndiyo iliyotokea."

Hapo damu ilinipanda. Niliinuka nikagonga meza. "Mimi nimesimama kwa miguu hii, double shift, miaka miwili, ili wewe ukae kwenye duara unywe chai na wazungu! Nimekulipia ada uje unishtaki mimi?"

"Sikushtaki, Dada. Nauliza."

"Kaulize wenzako huko!"

Alikuwa analia, lakini hakurudi nyuma, na hilo ndilo lililonitisha. "Yule mzee nusura afe," akasema, "na wewe unataka kusaini kitu hukuona, mara ya pili. Ukifukuzwa nitaacha chuo. Nitafagia viwanda. Ni sawa. Lakini usiniambie uliacha kusema ukweli kwa sababu ya ada yangu. Hiyo siitaki."

Mama Jyoti alikuwa ameshika chapati muda wote huo, imepoa. "Nesi," akasema polepole, "mimi shule sikwenda. Lakini huyu msichana nauliza vizuri."

Jumatatu saa nane niliingia kwa Metroni na karatasi mbili mfukoni, moja ya kupigwa chapa, moja ya mkono, sijui bado nitatoa ipi. Sista Pym alikuwa amekaa kushoto kwangu, jalada mapajani. Nilikuwa nimevaa koti lake. Sikuwa na lingine. Mkono ukaingia mfukoni ukatoka na ile ya Mghoi. Nikasoma kwa Kiingereza changu cha wakati ule. Sikuvuta dawa. Sikuangalia chupa. Nilisaini.

Metroni alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe na hakupenda maneno mengi. "Kwa nini hukuangalia?"

"Kwa sababu alinipa yeye."

"Sijaelewa."

Nikamweleza adabu ya kwetu, mikono miwili na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Ni mara ngapi umesaini bila kuangalia?"

Ningeweza kusema mara moja. Ningesema mara moja, ningetoka pale salama. "Kila mara," nikasema. "Kila mara akinipa Sista."

Metroni akaweka kalamu chini. Nadhani ndipo alipoona kurasa zote za lile daftari, miaka minne, sahihi mbili mbili na macho ya mtu mmoja. Akamgeukia Sista Pym. "Nani alivuta dawa?"

Sista alitazama jalada lake. Alitazama kifungo cha koti, kile kisichofanana na vingine. Nilisikia troli ikipita korido nzima, mpaka mwisho.

"Mimi," akasema.

Nilipewa onyo la maandishi, nikahamishiwa wodi ya wazee, ambako nilikaa nikaipenda. Sista Pym aliomba kustaafu mapema. Tulikutana mara moja kwenye ngazi, nikamsalimu, akapita. Jambo hilo liliniuma kuliko onyo, na linaniuma mpaka leo, kwa sababu elimu aliyonipa yeye ndiyo iliyomwokoa Bwana Tolley. Koti nililifua, nikalipeleka kwa bawabu wa hospitali ampe. Sikujua kama alipewa.

Wodi zote zilibadilisha utaratibu. Tangu hapo nesi wa pili ndiye aliyeitoa chupa kwenye friji na kuisoma kwa sauti kabla wa kwanza hajasema neno. Niliona inafanyika na sikumwambia mtu ilitokana na mistari miwili kwenye daftari la shule.

Na chuo? Kilifungwa mwaka mmoja baada ya Mghoi kumaliza. Nyumba ile ikagawanywa vyumba vya kupangisha. Cheti chake hakuna mwajiri aliyekijua. Alianza kwa kupanga vitabu maktabani na akastaafia huko huko maktabani. Baba alifariki akiamini ana mwanasheria, hatukumsahihisha. Mkinitaka niwaonyeshe faida kwa vidole, nina pahali pa kuanzia lakini sina pa kumalizia. Najua nililipa. Najua nilipolipa nilinung'unika. Ndiyo maana Zawadi aliponiuliza nilisema chai inapoa.

Lakini nilikuwa nimebakiza kitu cha kumwuliza na mimi.

Mghoi anaishi nami sasa. Kisukari kimemkuta uzeeni, na kila siku jioni kabla ya chakula anachomwa insulini. Ana sindano za kalamu za aina mbili, ya kufanya kazi haraka na ya polepole, na siku hizi zina rangi tofauti ili hata mjinga asikosee. Nilimwambia Zawadi, wewe ndiye mwenye kazi hii, mchome bibi yako. Nikafungua friji nikampa kalamu. Nilimpa ile isiyo ya saa hiyo. Kwa makusudi.

Huyu ni mtoto aliyelelewa vizuri. Aliipokea kwa mikono miwili. Alipiga goti kidogo, hata. Akageuza namba za dozi, akamwinamia Mghoi, akainua blauzi kwa upole. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono wangu tayari kumshika wake.

Mghoi akafunika tumbo kwa kiganja. Hakuwa ameambiwa kitu. "Mtoto," akasema, "umeisoma?"

Zawadi akaigeuza kalamu. Akasoma jina. Akaiweka mezani kana kwamba imemuunguza, akanigeukia na macho yamejaa machozi.

"But Bibi," akasema, "ni wewe umenipa."

Nilivuta kiti nikakaa. Nikamwambia alete zile fomu zote mbili, asome kila mstari kwa sauti, na ile ya chuo aanze nayo. Ada tutaongea.